Bomba la umeme, vipande vya maji au themokapo ukutani: ulinganisho wa njia tatu za kupima joto katika upozaji wa injini za roketi

Injini kubwa za roketi zinazotumia fueli ya kimiminika hujipoza kwa fueli ileile zinayoichoma. Kabla ya kufika penye mwako, mafuta ya taa, methani au haidrojeni hupitishwa kwa kasi katika mifereji myembamba iliyochongwa ndani ya ukuta wa chemba, yakazoa joto la ukuta huo, kisha yakaingia kuungua yakiwa tayari yamepata moto. Konstantin Tsiolkovsky, mwanasayansi Mrusi, aliliandika wazo hilo mwaka 1903, na roketi ya Kijerumani ya V-2 ikalitumia kwa kuzungusha pombe katikati ya kuta mbili za chemba yake. Tangu hapo wazo hilo halijaachwa, kwa sababu gesi iliyo ndani ya chemba ya injini kama RS-25 ya Marekani hufikia takriban nyuzi 3,300 za Selsiasi, ilhali shaba inayojenga ukuta huyeyuka kwenye nyuzi 1,085.

Msanifu wa mifereji hiyo anahitaji kujua jambo moja kabla ya mengine yote: ukuta ukiwa na moto kuliko fueli kwa nyuzi moja, fueli itazoa wati ngapi kwa kila mita mraba? Jibu lake huitwa kizidishi cha uhawilishaji joto, na wahandisi hukiandika kwa herufi h. Kanuni za vitabuni hutoa thamani ya h kwa haraka, lakini kanuni kongwe ya Dittus na Boelter ya mwaka 1930, ambayo bado inafundishwa vyuoni, inaweza kupotoka kwa asilimia 25, na ile ya Gnielinski ya mwaka 1976, ambayo ni bora, bado huacha asilimia 10 hivi. Asilimia 10 haionekani kuwa kitu mpaka uipeleke kwenye ukuta wenyewe.

Tuchukue ukuta unaopokea megawati 10 kwa kila mita mraba, mafuta ya taa yenye nyuzi 80, na h ya wati 50,000. Ukuta upande wa fueli utaizidi fueli kwa nyuzi 200, yaani utakuwa na nyuzi 280. Sasa mafuta ya taa yakigusa shaba yenye joto la karibu nyuzi 300 huanza kuvunjika na kuacha ukoko mweusi ukutani, mfano wa ule wa wali uliosahauliwa mekoni, na ukoko huo huzuia joto kutoka, ukuta ukazidi kupata moto, na ukoko ukazidi kuongezeka. Ikiwa h halisi iko chini ya makadirio kwa asilimia 3, ukuta utafika nyuzi 286 na hakuna lililoharibika. Ikiwa iko chini kwa asilimia 10, ukuta utafika nyuzi 302. Kwa hiyo anayechagua namna ya kupima h anachagua pia kama ataweza kuziona nyuzi hizo 22 au hataziona.

Ni vyema kutenganisha maneno mawili yanayochanganywa mara kwa mara katika ripoti. Kosa ni tofauti kati ya kilichosomwa na ukweli; ukilijua, unalisahihisha na limekwisha. Shaka ya kipimo ni upana wa eneo ambamo ukweli unaweza kuwamo baada ya kusahihisha kila unachokijua. Njia tatu nitakazozilinganisha hapa zinatofautiana hasa katika mahali ambapo shaka hiyo hujificha, na ndiyo maana bei ya vifaa si kigezo kizuri cha kuchagulia.

Bomba linalopashwa joto kwa umeme

Hii ndiyo njia inayotumika zaidi kwa kuchunguza fueli yenyewe, na kituo cha NASA Glenn mjini Cleveland, Ohio, kina mtambo wa aina hii uliojengwa kwa kazi hiyo. Fueli hupitishwa katika bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu, na mkondo mkubwa wa umeme hupitishwa katika chuma cha bomba lenyewe, hivyo ukuta wa bomba ukawa ndio hita. Hakuna mwali wala gesi ya moto.

Mfano wa vipimo utatusaidia. Bomba lina kipenyo cha ndani cha milimita 2, cha nje milimita 3, na urefu unaopashwa joto ni milimita 300. Kwa volti 20 na ampea 300 tunapata wati 6,000, ambazo zikigawanywa kwa eneo la ndani la bomba hutoa takriban megawati 3.2 kwa kila mita mraba. Mafuta ya taa yakipita kwa mita 20 kwa sekunde, h itakuwa karibu wati 20,000, kwa hiyo ukuta wa ndani utaizidi fueli kwa nyuzi 160 hivi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba kiasi cha joto kinajulikana kwa umeme, na umeme ni kitu tunachokipima vizuri. Volteji tunaijua kwa asilimia 0.2, mkondo kwa asilimia 0.5, joto linalovuja kupitia kihami tunaweza kulikadiria hadi ibaki shaka ya asilimia 1, na kipenyo cha ndani, kikijulikana kwa sehemu mbili za mia za milimita, kinaongeza asilimia 1 nyingine. Mashaka haya hayajumlishwi moja kwa moja. Kila moja huzidishwa kwa lenyewe, yakajumlishwa, kisha ukatafutwa kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Tunapata asilimia 1.5, na kwa upande wa joto hiyo ni hali ya kuridhisha.

Taabu iko kwenye halijoto ya ukuta. Hatuwezi kuweka kipimajoto ndani ya bomba la milimita 2 bila kuuvuruga mkondo wa fueli, kwa hiyo tunapima nje na kukokotoa halijoto ya ndani. Katika mfano wetu ukuta wa nje unauzidi wa ndani kwa nyuzi 37, na kama uwezo wa chuma kupitisha joto unajulikana kwa asilimia 5, tunabeba shaka ya karibu nyuzi 2 kutoka hapo peke yake.

Halafu kuna themokapo yenyewe, na hapa naomba msomaji akae nami kidogo, kwa sababu hapa ndipo majaribio mengi ya mara ya kwanza huharibikia. Themokapo ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, na ya aina ya K hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi. Ukizichomelea nyaya hizo juu ya bomba lenye umeme, kumbuka kwamba volti 20 zimetandazwa juu ya milimita 300, yaani milivolti 67 kwa kila milimita. Nyaya zikigusa bomba sehemu mbili zilizoachana kwa nusu milimita tu kuelekea upande wa mkondo, zitaokota milivolti 33, na kisomeo kitazitafsiri kuwa nyongeza ya nyuzi 800 ambazo hazipo. Kosa kubwa namna hiyo kila mtu ataliona. La hatari ni dogo: nyaya zikipishana kwa sehemu moja ya mia ya milimita, kosa ni nyuzi 16, nambari inayofanana kabisa na ukweli, na hakuna atakayeishuku.

Dawa yake ni rahisi na haigharimu chochote. Geuza mwelekeo wa mkondo wa umeme, soma tena, kisha chukua wastani wa masomo mawili. Umeme uliookotwa hubadili alama na kujifuta, joto hubaki palepale. Wengine huchagua kuweka tabaka jembamba la ulanga au saruji ya kauri kati ya waya na bomba ili umeme usipite, na wanafanikiwa, ila wanakuwa wamebadilisha kosa moja kwa jingine, kwani sasa themokapo inapima halijoto ya tabaka badala ya ile ya chuma. Mimi ningegeuza mkondo.

Baada ya kufanya hayo, tuseme themokapo ina mipaka ya nyuzi 2.5 kama kiwango cha daraja la pili kinavyoruhusu, waya wenyewe unanyonya joto mahali ulipounganishwa na kuleta shaka ya nyuzi 3, ukokotoaji wa ukuta nyuzi 1.8, na halijoto ya fueli nyuzi 1. Nikizichukua zote katika kiwango kimoja cha imani cha takriban asilimia 95, jumla yake kwa kipeuo ni nyuzi 4.4. Nyuzi 4.4 juu ya tofauti ya 160 ni asilimia 2.8, na ukiongeza ile 1.5 ya joto, h inajulikana kwa asilimia 3.2. Ndiyo shaka tuliyoitamani katika mfano wa ukoko.

Lakini nambari hiyo haisimami popote utakapoipeleka. Ukiongeza kasi ya fueli, au ukiiacha mafuta ya taa ukatumia kipoozi bora zaidi, mpaka h ikapanda hadi wati 80,000 kwa joto lilelile, tofauti kati ya ukuta na fueli itashuka hadi nyuzi 40. Vyombo ni vilevile na nyuzi 4.4 ni zilezile, ila sasa ni asilimia 11. Mtambo haukuharibika, kinachopimwa kimekuwa tofauti ndogo ya nambari mbili kubwa. Anayesoma ripoti inayodai shaka moja kwa vipimo vyote, kuanzia kasi ndogo hadi kubwa, ana haki ya kuuliza imekuwaje.

Tena bomba la umeme si mfereji wa roketi. Linapashwa joto pande zote, ilhali mfereji halisi ni wa pembe nne na unapokea joto upande mmoja tu, ule unaotazama gesi. Bomba ni la chuma, na mfereji ni wa shaba, na tofauti hii ina uzito wake kwa sababu salfa iliyomo kwenye mafuta hula shaba lakini haijishughulishi sana na chuma. Vipimo vya kijeshi vya Marekani vinaruhusu hadi sehemu 30 za salfa kwa milioni katika mafuta ya roketi ya RP-1, na sehemu 0.1 tu katika RP-2. Bomba la chuma linaweza kuyafanya mafuta hayo mawili yaonekane ndugu. Bomba la shaba linawezekana, ila shaba ina ukinzani mdogo mno: kwa vipimo vyetu vilevile utahitaji zaidi ya ampea 1,500 kwa volti chache tu, na nyaya za kubebea mkondo huo zitakuwa nene kuliko bomba lenyewe mara nyingi.

Vipande vya maji

Njia ya pili huanza na moto wa kweli. Chemba ya majaribio hukatwa katika vipande kama pete zilizopangwa, na kila pete ina mkondo wake wa maji. Pima maji yanayopita, pima yameongezeka nyuzi ngapi, zidisha, na umepata joto lililoingia katika pete hiyo. Kituo cha DLR, shirika la anga la Ujerumani, kilichoko Lampoldshausen kimefanya kazi nyingi kwa chemba za aina hii.

Pete yenye kipenyo cha milimita 50 na urefu wa milimita 25, ikipitishiwa kilo 1 ya maji kwa sekunde, na maji yakapanda nyuzi 15, imepokea kilowati 63, sawa na megawati 16 kwa kila mita mraba. Shaka iko wapi? Mita ya Coriolis itakupa mkondo wa maji kwa asilimia 0.2 bila kujitahidi. Vipimajoto viwili vya platini vya daraja A, kila kimoja kikitoka dukani na mipaka yake ya takriban nyuzi 0.2, vitakupa tofauti yenye shaka ya nyuzi 0.3, ambayo juu ya 15 ni asilimia 2. Vikipelekwa pamoja kwenye ugezi, yaani kulinganishwa na kipimo rejea katika beseni moja la maji siku moja, shaka ya tofauti yao inaweza kushuka hadi nyuzi 0.07, yaani asilimia 0.5. Kwa msomaji aliye Dar es Salaam au Nairobi, maabara za ugezi za mashirika ya viwango, TBS na KEBS, ndipo pa kuanzia kuulizia kazi hiyo, na katika njia zote tatu sijaona fedha inayoleta faida zaidi ya hii.

Basi vipande vya maji ni hodari wa kutoa jumla ya joto. Udhaifu wake ni kwamba vinatoa wastani. Joto kali kuliko yote liko kwenye koo la chemba, pale chemba inapobana, katika eneo jembamba, na pete inayolifunika koo hilo huchanganya kilele na mabonde yaliyo kando yake. Kosa hilo huegemea upande mmoja siku zote: kilele kitaonekana kifupi kuliko kilivyo. Kulirudia jaribio mara mia ili kulipunguza ni kutwanga maji kinuni, kwa kuwa marudio hupunguza shaka ya bahati nasibu tu. Ukikata pete ziwe nyembamba zaidi, kila moja itapokea joto dogo, maji yatapanda nyuzi chache, na joto litakalovuka kutoka pete hadi pete jirani litakuwa sehemu kubwa zaidi ya kile unachokipima. Ukipunguza maji ili nyuzi zipande, unasogelea kuchemka ukutani.

Kubwa zaidi, njia hii haikuambii h ya fueli hata kidogo. Inakuambia gesi inatoa joto kiasi gani, jambo ambalo kanuni ya Bartz ya mwaka 1957 hulikadiria kwa kubahatisha kidogo, na ambalo msanifu analihitaji vilevile. Anayetaka kujua mafuta yake yanazoa joto vipi atakuwa amepima kitu sahihi cha swali jingine.

Themokapo ndani ya ukuta

Njia ya tatu huchimba matundu madogo katika shaba ya chemba halisi, au ya nakala yake, na kuweka themokapo katika vina tofauti. Joto hupita kutoka kwenye gesi kwenda kwenye fueli. Tofauti ya halijoto kati ya vina viwili, ikizidishwa kwa uwezo wa shaba kupitisha joto na kugawanywa kwa umbali, hutoa mkondo wa joto mahali hapohapo. Ni njia pekee kati ya hizi tatu inayopima mfereji halisi, wenye joto la upande mmoja, ukwaruzo wake na kona zake.

Ni njia pia ambayo milimita inatisha kuliko nyuzi. Shaba ni mpitishaji mzuri mno. Kwa megawati 10 kwa kila mita mraba, themokapo mbili zilizoachana kwa milimita 1 zitatofautiana kwa nyuzi 29 tu. Zikiwa na mipaka ya nyuzi 2.5 kila moja na hazihusiani, shaka ya tofauti ni nyuzi 3.5, yaani asilimia 12. Na keekee ya nusu milimita inayozama katika shaba laini haiendi ilikotumwa; ikiwa kitako cha kila tundu kinajulikana kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, umbali kati yao una shaka ya asilimia 14. Ongeza asilimia 5 za shaka ya uwezo wa aloi ya shaba kupitisha joto, na jumla inafika asilimia 19. Mhandisi anayenunua themokapo bora zaidi ili kuiponya hali hiyo atashangaa, kwa maana hata akiishusha shaka ya halijoto hadi nyuzi 1, jumla itabaki asilimia 15. Tundu ndilo lililokuwa likimdai.

Afadhali akipiga picha ya eksirei ya kipande baada ya kuchimba, akapima vitako vya matundu vilipoishia hasa badala ya vilipotakiwa viishie, na akatumia nafasi hiyo katika hesabu. Akijua kila kitako kwa sehemu tatu za mia za milimita, shaka ya umbali hushuka hadi asilimia 4, na kwa themokapo zilizokatwa kutoka waya mmoja na kugezwa pamoja, jumla hukaa kati ya asilimia 7 na 8. Kuongeza umbali kati ya themokapo nako husaidia, ila katika injini halisi ukuta ulio kati ya gesi na mfereji huwa chini ya milimita 1, kwa hiyo matundu hupelekwa kwenye mbavu zilizo kati ya mfereji na mfereji, ambako joto halipiti kwa mstari ulionyooka. Hapo inabidi kompyuta itafute kwa kurudi nyuma ni joto gani la juu ya uso lingetoa nyuzi zilizosomwa, na hesabu za kurudi nyuma zina tabia ya kuikuza kila kelele iliyo kwenye vipimo.

Kamera ya joto nimeiacha nje ya ulinganisho kwa sababu haioni ndani ya chemba wala ndani ya mfereji. Kwa bomba la umeme lililopakwa rangi nyeusi inafaa, mradi uchague mionzi yenye mawimbi mafupi: kwenye ukuta wa nyuzi 300, kukosea uwezo wa rangi kutoa mionzi kwa asilimia 2 huleta kosa lisilofika nyuzi 2 kwa kamera ya mikromita 4, na takriban nyuzi 4 kwa kamera ya mikromita 10.

Uchague ipi

Tukiziweka ubavu kwa ubavu kwa nambari tulizozipata, bomba la umeme linatoa h kwa asilimia 3 hadi 11 kutegemea tofauti ya nyuzi, vipande vya maji vinatoa jumla ya joto kwa asilimia 0.5 hadi 2 kutegemea ugezi lakini vinaficha kilele, na themokapo za ukutani zinatoa joto la mahali halisi kwa asilimia 7 hadi 19 kutegemea uangalifu wa uchimbaji. Nambari hizi zisisomwe kama msimamo wa ligi. Asilimia 3 ya bomba ni shaka ya h ya bomba. Ukiihamishia kwenye mfereji wa pembe nne, uhamisho wenyewe una shaka yake, ambayo hakuna chombo chochote katika mtambo huo kinachoweza kuiona.

Ikiwa swali lako ni kulinganisha fueli mbili, kwa mfano mafuta yenye salfa nyingi na yenye salfa kidogo, chukua bomba la umeme bila kusita, na uwe tayari kulipia bomba la shaba. Hapa kuna faida isiyotajwa vya kutosha: fueli zote mbili zikipita katika bomba lilelile, mbele ya themokapo zilezile zilizochomelewa mara moja, basi mashaka ya kipenyo, ya ukuta na ya waya hujirudia sawasawa katika vipimo vyote viwili na kwa sehemu kubwa hujifuta katika uwiano wao. Unaweza kuitambua tofauti ya asilimia 2 kati ya fueli hizo hata kama hujui h ya yoyote kwa chini ya asilimia 5. Bomba likivunjwa na kufungwa jipya kati ya majaribio, faida hiyo imepotea.

Ikiwa swali ni la koo la chemba mpya, anza na vipande vya maji, kwa sababu usipojua joto la gesi, h nzuri kiasi gani haitakusaidia, kisha uingie kwenye themokapo za ukutani ukiwa na jumla ya kuzikagulia: joto la themokapo likijumlishwa juu ya pete nzima lazima lilingane na lililobebwa na maji. Timu ndogo ya chuo yenye fedha ya njia moja tu, na ambayo haitawasha injini mwaka huu, isishawishike kuchimba shaba.

Methani inadai maneno yake. Juu ya shinikizo la megapaskali 4.6 methani haichemki tena, inageuka polepole kutoka hali ya kimiminika hadi hali ya gesi, na katika mgeuko huo uwezo wake wa kubeba joto hupanda ghafla na kushuka ghafla. Kanuni za kawaida za h huyumba hapo, kwa hiyo thamani ya kupima inazidi, lakini ndipo pia tofauti ya nyuzi chache katika fueli inapobadilisha kila kitu kingine. Katika eneo hilo ningependelea bomba la umeme lenye themokapo nyingi kwa urefu wake, kwa sababu umeme unakuambia nishati iliyoingia hatua kwa hatua, na nishati ndiyo inayotambulisha hali ya methani mahali pale kuliko nyuzi.

Limebaki chaguo la hesabu. Kanuni ya kipeuo niliyoitumia hapo juu ilielezwa kwa wahandisi na Kline na McClintock mwaka 1953, na mwongozo wa kimataifa wa kueleza shaka ya vipimo, uliotoka mwaka 1993, umejengwa juu ya mantiki hiyohiyo. Inatosha pale shaka ni ndogo na uhusiano wa vitu umenyooka, na ina fadhila ya kukuonyesha mara moja ni mchango upi unaotawala. Njia ya Monte Carlo humwachia kompyuta kazi ya kubuni majaribio milioni moja, kila moja likiwa na makosa yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu ndani ya mipaka yake, kisha ukatazama matokeo yametawanyika vipi. Kwa hesabu kama hizi kompyuta ya mkononi humaliza kwa sekunde chache. Kwa methani, na kwa hesabu za kurudi nyuma, ichague hiyo. Ila usizipe themokapo zilizokatwa kutoka waya mmoja makosa yanayojitegemea: zipe kosa moja la pamoja kwanza, halafu kila moja kosa lake dogo, la sivyo kompyuta itakupunguzia shaka usiyostahili kupunguziwa.

Monte Carlo ina kitu kingine ambacho kipeuo hakikupi kwa urahisi, nacho ni jibu la swali ambalo msanifu analiuliza kweli. Rudi kwenye ule ukuta wa nyuzi 280, joto likiachwa lilelile la megawati 10, na uipe h shaka ya asilimia 10 kwa imani ya asilimia 95. Katika kila majaribio 1,000 ya kompyuta, takriban 34 yatauvusha ukuta nyuzi 300. Ipe h shaka ya asilimia 3, na hutaona hata moja katika milioni.